Kufundisha Kitenzi "Compete": Kushindana na Kushindania

Mwalimu wa Kiingereza akikutana na kitenzi "compete" katika kitabu cha darasa, aghalabu huandika ubaoni "shindana" kisha huendelea na neno jingine. Tafsiri hiyo si kosa, lakini haitoshi. Katika makala haya tunaeleza asili ya kitenzi hicho, na jinsi ya kukifundisha kwa msaada wa Kiswahili ambacho mtoto anakijua tayari.

Asili yake ni Kilatini: "com", yaani pamoja, na "petere", yaani kutafuta au kuendea kitu. Waingereza walianza kukitumia kwa maana ya kushindana mnamo karne ya 17. Neno "competent", yaani mwenye umahiri, limetoka katika asili hiyo hiyo. Kiswahili kimepita njia nyingine. "Shinda" ikipata kiambishi -an- huwa "shindana", yaani kila mmoja anajaribu kumshinda mwenziwe. Kilatini kilitazama kitu kinachotafutwa. Kiswahili kinawatazama watu wanaokitafuta.

Tofauti hii huzaa kosa moja. Kwa Kiswahili twasema "Juma anashindana na Asha", lakini "Wanashindania kombe". Kiambishi -i- kimekwisha beba maana ya "kwa ajili ya". Kiingereza hakina kiambishi hicho. Hutumia neno la pekee. Ndiyo sababu mtoto huandika "They compete a cup" badala ya "They compete for a cup".

Tuchukue mfano wa somo katika shule ya pwani, kama vile Kiswere wilayani Kilwa, ambako watoto wanazijua ngalawa.

Kwanza, mwalimu achore ubaoni ngalawa mbili na bendera mbele yake, kisha aulize kwa Kiswahili: Nani anashindana na nani? Wanashindania nini?

Pili, aandike "Juma competes with Asha" na "They compete for a flag", na kuyapigia mstari maneno "with" na "for". Wanafunzi wenyewe waeleze kila neno linalingana na sehemu gani ya sentensi ya Kiswahili.

Tatu, watunge sentensi zao kuhusu kandanda, nage au mashindano ya UMITASHUMTA.

Zoezi hili lisigeuzwe kuwa mbio za kunyosha mkono. Mwalimu akiwasifu daima watoto watatu walio wepesi, waliobaki hukata tamaa na hunyamaza. Naye hatajua kama wameelewa. Afadhali aunde vikundi vyenye watoto wa uwezo mbalimbali, na kikundi kipate alama pale tu kila mmoja wao atakapoweza kutunga sentensi iliyo sahihi. Kwa njia hiyo aliye mwepesi atalazimika kumfundisha mwenziwe, na vikundi vitashindana bila ya mtoto yeyote kuachwa nyuma.