Aloe Zetu Zimekufa kwa Maji

Ndugu wanafunzi, aloe tatu za mbele ya darasa zimeoza. Si jua lililoziua, ni sisi. Kila asubuhi kila mmoja alimwaga kikombe chake, akizani anafanya vema.

Tujifunze. Aloe iko na akiba ya maji ndani ya majani yake manene. Mizizi ikikaa ndani ya maji mingi, inaoza.

1. Toboa kopo chini. Changanya udongo na mchanga, nusu kwa nusu.
2. Mwagilia tu udongo ukikauka kabisa, na si katikati ya majani.
3. Usipande jani, litaoza tu. Ondoa mtoto wa pembeni, kidonda kikauke kivulini siku 3, halafu panda.

Mtoto mmoja amebaki, nimempanda. Zamu ya maji iko mlangoni: mtu mmoja tu. Wengine, tafadhali, tumuache.