Kusikiliza Si Kusikia

Masikio tunayo sote, lakini kumsikiliza mtu mwenye shida ni elimu kamili. Mimi natamani kusomea ustawi wa jamii nikimaliza shule, kwa hivyo hebu tulichambue jambo hili pamoja.

Tuanze na lugha yetu. Honi ya matatu utaisikia utake usitake, bali ukisikiliza umetia nia. Nao watu wakisikilizana, maana yake wamepatana! Wafanyakazi wa ustawi wa jamii humwita anayekuja kwao mteja, kama wa dukani, ingawa huyu hakuleta pesa, ameleta siri. Mazungumzo yao huitwa mahojiano, neno ambalo kwa maoni yangu linanuka polisi.

Tuchukue mfano wa kijana wa kidato cha kwanza aliyeacha kuja shule, akapelekwa kwa afisa wa watoto. Akiulizwa, "Kwa nini wewe ni mtoro?" atajibu, "Nilikuwa mgonjwa," na faili ifungwe. Lakini akiambiwa, "Hebu nieleze, mwanangu, siku yako huanza vipi?" hawezi kujibu kwa ndiyo au la. Atasema, "Naamka saa kumi alfajiri, nachota maji, napika uji." Hapa ndipo penye kazi. Afisa mwenye haraka atarukia swali jingine. Aliyefunzwa huweka kalamu chini, humrudishia maneno yake polepole, "Unapika uji...", kisha hunyamaza. Ati kunyamaza ni kazi? Naam! Nukta kumi za kimya ofisini ni ndefu kama mahubiri, lakini wahenga walinena kimya kingi kina mshindo mkuu. "Mama hawezi kuamka kitandani," kijana anasema hatimaye. Kumbe utoro ulikuwa uuguzi!

Mwaka wa 1957 Carl Rogers na Richard Farson wa Marekani waliandika kuhusu usikilizaji huu, wakasisitiza kusikiliza hisia pia, si maneno tu. Basi mtu akisema, "Mimi sina neno," huku akikwaruza meza kwa kucha, afisa aziamini kucha.

Jambo moja hunitatiza. Kijana akiomba, "Usimwambie mtu," afisa hafai kuahidi hivyo, kwani mtoto akiwa hatarini lazima wengine waelezwe ili aokolewe. Yafaa amwambie hayo mapema. Wengine watafunga mdomo, najua, lakini naona ni heri kuliko kumhadaa mtoto.

Na ikiwa wewe unayesoma ndiwe kijana huyo, nambari 116 hupigwa bila malipo, usiku na mchana.