Tumbo la mbuzi si tumbo la nguruwe

Wandugu wanachama, somo la namba hii limetoka mu lupango la mama mmoja wa koperative, ku njia ya Kasenga. Alitupigia simu asubuhi mapema, sauti iko chini: mbuzi wake watatu waligonjwa tangu jana magaribi, na mmoja alikuwa amekwisha kufa. Tulipofika, wa pili alikuwa amelala, kichwa kimegeukia ubavu, anasaga meno. Wa tatu alikuwa bado amesimama, lakini alitembea sawa mulevi.

Tulimwuliza: "Mama, jana walikula nini?"

"Bunga, agronomu. Nguruwe zangu njo zinanonaka na bunga. Nilisema mbuzi nayo inone mbele ya siku ya kuuzisha."

Hakufanya uzembe. Bunga ilikuwa safi, ilikuwa ya muhindi wa shamba lake mwenyewe, na nguruwe waliokula bunga ile ile siku ile ile walikuwa pale pembeni, wanafurukuta matope, wazima kabisa. Aliona kitu kinafaa kwa nyama moja, akakipeleka kwa ingine. Wengi wetu tunafanya vile, kwa chakula na kwa dawa pia. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

Mbuzi wa pili alikufa mbele yetu saa sita ya mchana. Mama alitupa ruhusa tukampasua. Lakini kwanza onyo, na tunaomba lisomwe mara mbili: nyama aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, usimpasue, usimchune, usimle. Inaweza kuwa kimeta, ile watu wanaita sharbo, na inaua mutu pia. Mwite munganga wa nyama, na mbwa wasimkaribie. Yule mbuzi wa njia ya Kasenga hakuwa na alama hizo, na sababu tulikuwa tunaijua.

Ukimlaza mbuzi ukafungua upande wa kushoto, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni tumbo kubwa. Linajaza karibu ubavu wote wa kushoto, toka ku mbavu mpaka ku nyonga. Mu mbuzi mkubwa linabeba zaidi ya lita 10. Mu ng'ombe linaweza kupita lita 100. Nyuma ya hilo kuna mengine matatu: lenye matundu sawa masega ya nyuki, lenye kurasa sawa kitabu, na la nne ambalo ndilo tumbo la kweli, lenye asidi kama letu. Wamama wanaosafisha matumbo ku soko wanayajua yote manne kuliko sisi tuliosoma.

Tumbo kubwa halina asidi yake lenyewe. Ni sawa pipa la munkoyo: mule ndani kuna vijidudu wengi mno ambao wanachachusha majani, na mbuzi anaishi kwa kazi yao. Wamezoea majani, kazi ya polepole. Ukiwamwagia bunga kilo moja kwa mara moja, kundi lingine la vijidudu linaamka, lile linalopenda wanga, na linatengeneza asidi kali kwa saa chache. Tumbo linaungua. Vijidudu wazuri wanakufa. Halafu asidi ile inavuta maji toka mu damu na kuyaingiza mu tumbo, kwa hiyo mbuzi anakauka huku tumbo lake limejaa maji. Ndicho tulichokuta: uji mweupe unaonuka uchachu, na ngozi ya ndani ya tumbo inabanduka kwa vidole.

Nguruwe iko na tumbo moja tu. Bunga inashuka, inakutana na asidi ya kawaida, inaendelea ku matumbo membamba ambako wanga unageuka sukari na kuingia mu damu. Hakuna pipa, hakuna uchachu. Ndiyo maana ananona. Lakini mupe nguruwe mzigo wa majani makavu peke yake, atakonda, mbuzi anone.

Mbuzi wa tatu alikuwa bado na nafasi. Tulipigia simu munganga wa nyama (sisi tuko wanaagronomia, si wanganga) na akatuelekeza: kuondoa bunga yote, bikarbonati gramu 20 kwa mbuzi wa kilo 20, iliyoyeyushwa mu nusu lita ya maji ya vuguvugu, inyweshwe polepole, na baada ya hapo majani makavu tu. Bikarbonati ni ile wamama wanalainishia maharagwe. Kila nyumba ingekuwa nayo, tungezika mbuzi wachache.

Wakati tunayeyusha dawa, jirani alikuja na kisu, anataka kutoboa tumbo "hewa itoke". Alishika upande wa kuume. Tulimzuia kwa mikono. Upande wa kuume wa mbuzi kuna ini na matumbo membamba. Ukitoboa pale, mavi yanamwagika ndani na nyama inakufa kwa siku mbili. Tena mbuzi yule hakuwa amejaa hewa. Alikuwa amejaa maji na asidi, na kisu hakitoi asidi.

Kujaa hewa ni ugonjwa mwingine. Unakuja sana mu masika, mwezi wa 12 na wa 1, mbuzi au ng'ombe akiingia asubuhi mu majani mateke ya maharagwe au ya karanga yenye umande. Hewa inakuwa povu, na povu halichezewi na mbeu. Ubavu wa kushoto unapanda juu kupita mugongo, ukiupiga na kidole unalia sawa ngoma. Msimamishe nyama, miguu ya mbele ikae juu kidogo ku kilima, mfungie kijiti mu mdomo sawa lijamu ili atafune na mate yashuke, na umnyweshe mafuta ya kupikia mililita 50 mpaka 100 kwa mbuzi. Mafuta yanavunja povu. Kama ni kokwa la embe au kipande cha muhogo kimekwama ku koo, mafuta hayatasaidia. Hewa iko chini lakini mlango umefungwa, na lazima kile kitu kitolewe. Kutoboa ni kazi ya mwisho kabisa, nyama akiwa anaanguka na munganga iko mbali: kushoto, mu ile pembetatu katikati ya ubavu wa mwisho, mfupa wa nyonga na ukingo wa mugongo. Vitabu vya Ulaya vinaanza na farasi, na kwa farasi wanatoboa kuume, juu ya farasi chumba chake cha kuchachusha kiko nyuma, upande ule. Mutu aliyesoma ukurasa mmoja tu anaweza kuua ng'ombe wa mwenzake.

Jifunzeni kusikiliza mbuzi mzima kabla ya kungoja mgonjwa. Weka ngumi mu ubavu wa kushoto, sukuma kidogo, ngoja dakika mbili. Utasikia tumbo linaviringika mara mbili au tatu chini ya mkono. Kama kuna kimya, kuna shida, hata kama macho bado yanang'aa.

Watoto wa mbuzi na wa ng'ombe wanazaliwa na matumbo manne, lakini lile kubwa bado halifanyi kazi. Mtoto akinyonya, kuna mfereji unaojifunga sawa bomba na kupeleka maziwa moja kwa moja ku tumbo la nne. Ukimnywesha kwa nguvu na kikombe, mfereji unaweza kubaki wazi, maziwa yakaanguka mu tumbo kubwa na kuoza. Kwa mtoto aliyefiwa na mama, tumia chupa yenye chuchu, na chupa ikae juu sawa kiwele.

Kunywesha dawa nako kunatofautiana. Mbuzi: usinyanyue kichwa kupita usawa wa mugongo, na akilia, acha kwanza, juu wakati wa kulia njia ya mapafu iko wazi. Nguruwe ni mbaya zaidi. Nyuma ya koo lake, juu kidogo ya mlango wa njia ya chakula, kuna kifuko kidogo ambacho mbuzi na ng'ombe hawana. Kidonge kikisukumwa na kijiti kinaingia mule na kubaki, au kijiti chenyewe kinatoboa. Tena nguruwe akishikwa anapiga kelele bila kupumzika. Dawa ya nguruwe iende mu chakula, ao mu sindano.

Sindano iende shingo, kwa mbuzi, ng'ombe na nguruwe, kwa nguruwe nyuma ya sikio. Paja la mbuzi ni jembamba na mshipa mkubwa wa fahamu unapita pale, tumeona mbuzi wengi wanaoburuta mguu, na kila mara mwenye nyama anasema "ni baridi." Nguruwe aliyenona anataka sindano ndefu, la sivyo dawa inabaki mu mafuta. Kuku: kifua, kando ya mfupa.

Tusimsahau sungura na simbiliki, wale wengine wanaita kobai. Nao wanachachusha majani, lakini chumba chao kiko mwisho wa matumbo, si mwanzo. Ndiyo maana sungura anakula mavi yake laini ya usiku: chakula kimepikwa nyuma, lazima kipite tena mbele. Msimzuie, hapana ugonjwa ule. Lakini msiwape kabisa amoksisilini ya kunywa, ile munayopa watoto. Inaua vijidudu wazuri mu chumba kile, wabaya wanabaki peke yao, na ndani ya siku chache sungura anaharisha na kufa. Mwanachama mmoja wa Kipushi alipoteza vizimba viwili kwa njia hiyo, akafikiri ni uchawi.

Kuku hana meno. Firigisi ndiyo inasaga, kwa mawe madogo. Wanaofungiwa wapewe changarawe. Tena kuku hana ule ukuta unaotenga kifua na tumbo: anapumua kwa kupandisha na kushusha mfupa wa kifua. Ukimbana kifua kwa nguvu wakati wa chanjo, anakufa mikononi bila ugonjwa wowote. Na mapafu yake yanapitisha hewa sana kuliko yetu, kwa hiyo mu baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, mbabula ya makala mu chumba kilichofungwa inaua vifaranga mbele yako wewe usikie hata kichwa kuuma. Washa mbabula inje, ingiza moto ukishaiva, na acha dirisha wazi juu.

Mbuzi wa tatu alipewa bikarbonati mara mbili siku ile. Kesho yake alikula majani makavu kidogo. Siku ya nne mama alitupigia simu tena, safari hii sauti iko juu: "Agronomu, anacheua!" Sasa mbuzi wake wanakula makapi ya muhindi, si bunga, konzi moja baada ya majani, na kiasi kinaongezwa polepole kwa muda wa wiki mbili. Yule wa tatu hajamuuzisha bado. Anasema anangoja arudishe kilo zake.