SAFARI YA KRISMASI: JE, MMEKUBALIANA NYOTE WAWILI?



Mwezi wa Novemba unapoingia, watoto huanza kuuliza: "Baba, Krismasi tutaenda wapi?" Zamani huku kwetu Migori na Homa Bay jibu lilikuwa rahisi. Tulienda Misa, tulichinja kuku, tulipika chapati, na kila mtoto akavaa nguo mpya. Siku hizi mambo yamebadilika. Kuna safari za familia zenye kiongozi. Watu hulipia viti katika gari moja, kisha hupelekwa Nairobi kuona mapambo, taa za rangi, Baba Krismasi na theluji ya bandia.

Safari ya namna hii si dhambi. Baba na mama wanaowafurahisha watoto wao wanafanya jambo jema. Lakini nimeona katika jumuiya ndogo ndogo zetu, na kwanza kabisa katika nyumba yangu mwenyewe, kwamba safari ya siku mbili inaweza kuzaa ugomvi wa miezi miwili. Ndiyo sababu leo nataka tujifunze pamoja juu ya jambo hili.

YALIYOTUPATA SISI

Mimi ni katekista wa kigango. Mke wangu ni nyar Ndhiwa, yaani binti wa Ndhiwa, na Mungu ametujalia watoto watatu. Mwaka mmoja nilisikia habari za safari ya kwenda kuona kijiji cha Krismasi kilichotengenezwa ndani ya jengo la maduka jijini. Nilipendezwa sana. Bila kumwambia mke wangu, niliuza mtamba wetu nikalipia viti vitano. Mtamba huyo tulikuwa tumekubaliana kwamba ni karo ya kifungua mimba wetu.

Nilipomweleza, nilimwambia kwamba ni zawadi. Aliniuliza swali moja tu: "Na karo ya Januari?" Nilimjibu: "Mungu atatoa." Ndugu zangu, nasema kwa aibu: nilitumia jina la Mungu kumfunga mke wangu mdomo.

Tulisafiri usiku kucha kupitia Kisii na Narok. Tulifika tukiwa tumechoka, na kiongozi akatupa saa moja tu. Kupiga picha na Baba Krismasi kulikuwa na malipo mengine ambayo hatukuambiwa. Theluji yenyewe ilikuwa pamba na povu. Watoto walifurahi kidogo, kisha wakasema wana njaa. Wakati wa kurudi garini nilimwuliza mke wangu, "Mdogo yuko wapi?" Naye akaniuliza, "Si yuko na wewe?" Mtoto wa miaka sita alikuwa amepotea.

Tulimtafuta karibu nusu saa. Tulimkuta amekaa na askari mlinzi karibu na ngazi, kiatu kimoja mkononi, ameshalia mpaka amenyamaza. Badala ya kumshukuru Mungu, tulianza kulaumiana mbele ya watu. Tulirudi nyumbani bila kusemezana. Januari ilipofika, mwana wetu mkubwa alikaa nyumbani majuma mawili wenzake wakisoma, mpaka mama yake alipotoa akiba yake ya chama.

Jioni moja alinieleza yaliyokuwa moyoni mwake. Alisema, "Baba watoto, si safari iliyoniuma. Iliniuma kwamba ulizungumza na mwenye gari kabla ya kuzungumza na mimi." Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, na tangu siku hiyo nimejifunza mambo yafuatayo.

1. HESABUNI GHARAMA PAMOJA

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo sharti akae kwanza chini ahesabu gharama, asije akaanza asimalize na watu wakamcheka. Mtu wa Injili anakaa chini. Sisi waume mara nyingi tunahesabu tukiwa njiani kutoka sokoni, tena peke yetu.

Wenzi wa ndoa wakae mezani, watoto wakiisha kulala. Waandike kwanza mahitaji ya Januari: karo, sare, vitabu. Waongeze mbegu na mbolea ya mvua za masika. Fedha hizo ziwekwe kando. Kinachobaki ndicho cha Krismasi, na ndani yake muweke nauli ya kwenda na ya kurudi, chakula cha njiani, viingilio, mahali pa kulala, na kiasi kidogo cha dharura. Msisahau kwamba nauli hupanda mwezi wa Desemba. Kama hesabu haitoshi, mmeijua mapema na hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Tena, kabla ya kulipa, mwulizeni kiongozi maswali bila kuona haya. Malipo haya yanajumlisha nini na hayajumlishi nini? Tutakaa mahali penyewe saa ngapi? Gari litabeba watu wangapi? Tutarudi kwa wakati ili tusikose Misa? Atoe risiti. Kiongozi mwaminifu hachukii kuulizwa.

2. KILA MTOTO AWE NA MWANGALIZI

Tulipopotelewa na mtoto nilikumbuka Luka sura ya 2. Yosefu na Maria walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka pamoja na kundi la jamaa na majirani. Wakati wa kurudi walidhani kijana Yesu, mwenye miaka 12, yumo katika msafara. Walitembea mwendo wa siku nzima kabla ya kugundua, na walimpata baada ya siku tatu hekaluni.

Hata katika Familia Takatifu jambo hili lilitokea. Lakini angalieni walivyofanya: walirudi pamoja, walimtafuta pamoja, na Maria alipozungumza na mwanawe alitaja uchungu wa Yosefu pamoja na wake. Hatusomi kwamba mmoja alimlaumu mwenzake. Basi kabla ya kushuka garini, gawaneni watoto kwa majina: huyu na huyu wako na mama, huyu yuko na baba. Kila mtoto ajue mahali pa kukutania akipotea. Na kukitokea shida, tafuteni kwanza. Maneno yangoje nyumbani.

3. WAAMBIENI WATOTO MAANA YA WANAYOYAONA

Mtoto wa Migori anaona theluji na kofia nyekundu, naye anadhani hiyo ndiyo Krismasi. Ni wajibu wetu wazazi kumweleza. Kule kaskazini mwa Finland kuna mji wa Rovaniemi, na karibu nao kijiji cha Baba Krismasi ambacho familia kutoka nchi nyingi hutembelea kwa kuongozwa. Kule theluji ni ya kweli, na jua la Desemba huonekana kwa muda mfupi sana. Watu wa huko wanapamba kwa kile walicho nacho. Sisi Desemba yetu ni ya jua kali, wala Krismasi yetu haipungukiwi na kitu.

Waelezeni pia kwamba nyuma ya Baba Krismasi yuko mtakatifu wa kweli, Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi katika karne ya 4. Tunamkumbuka tarehe 6 Desemba. Mapokeo yanasimulia kwamba baba mmoja maskini hakuwa na mahari ya kuwaoza binti zake watatu, naye Nikolao akawatupia dhahabu usiku, kwa siri. Huyo hakutoa zawadi ili apigwe picha. Alitoa ili nyumba tatu zisimame.

Na pango la Noeli tunalojenga kanisani nalo lina historia yake. Krismasi ya mwaka 1223, katika mji mdogo wa Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitayarisha hori lenye majani, ng'ombe na punda, na watu wakaja na mienge usiku wa baridi kuona. Hapakuwa na kiingilio. Tarehe 1 Desemba 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Greccio akatia sahihi barua yake juu ya pango, akihimiza familia ziendelee na desturi hiyo. Baba na mama wanaweza kujenga pango nyumbani na watoto wao kwa udongo wa mfinyanzi na majani. Gharama yake ni jioni moja tu.

4. YA KARIBU NAYO NI SAFARI

Mwaka uliofuata tulikaa chini wawili. Hesabu ilionyesha kwamba Nairobi haiwezekani. Nilihuzunika, lakini mke wangu akasema, "Kwani Thimlich umewahi kufika?" Sikuwahi. Nimezaliwa na kukulia wilaya ile ile, na sikuwahi.

Thimlich Ohinga iko kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Ni boma la mawe linalokadiriwa kujengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tulikwenda siku mbili baada ya Krismasi, tumebeba chapati na chai ndani ya chupa. Kiongozi wa mahali pale alitutembeza polepole katika maboma manne, yaani Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zake zina kimo cha kuanzia mita moja na nusu mpaka mita nne na nusu, na unene wa kama mita moja. Milango ni ya chini, hata mimi niliinama. Alitueleza kwamba adui akiinama hivyo hana nguvu ya kupigana.

Mwana wetu mkubwa aliuliza, "Saruji iko wapi?" Hakuna saruji wala udongo. Kuna ukuta wa nje na ukuta wa ndani, na katikati mawe madogo madogo yamejazwa, hata zote zikashikana. Mke wangu akanitazama akasema, "Umesikia, katekista? Ni yale madogo ya katikati." Nilielewa. Bwana ni ukuta mmoja, bibi ni ukuta wa pili. Kinachotushikamanisha ni mambo madogo ya kila siku: kuulizana, kuambiana bei, kusema samahani. Mimi nilikuwa nimeyaondoa hayo madogo, nikashangaa ukuta unayumba.

Watoto walikimbia huko mpaka wakachoka. Hakuna aliyepotea, na Januari karo ililipwa.

Nanyi mnao mahali pa karibu. Kuna hifadhi ya Ruma katika bonde la Lambwe, mbuga pekee nchini Kenya ambamo korongo angali anapatikana. Kuna ziwa Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay. Juu yake wazee husimulia habari za bibi kizee aliyefukuzwa karamuni, na mji ule ukazama majini usiku. Hadithi hiyo inafaa sana wakati wa Noeli, tunapokumbuka kwamba Maria na Yosefu nao walikosa nafasi katika nyumba ya wageni.

5. MSIWAACHE WAZEE NYUMA

Neno la mwisho ni juu ya wale wasiosafiri. Babu na nyanya wanangoja Krismasi mwaka mzima ili waone wajukuu. Kama mnasafiri, basi mpange siku ya kwenda kwao, upande wa bwana na upande wa bibi vilevile. Mume asiseme "kwetu" akimaanisha kwao peke yake. Mwaka ule wa Thimlich tulirudi kwa kupitia Ndhiwa, tukalala kwa wakwe zangu. Mama mkwe alisimuliwa habari za ukuta na wajukuu watatu kwa wakati mmoja, na nadhani alifurahi kuliko sisi tuliouona.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA WAWILI

Jioni moja wiki hii, kaeni chini mjibizane kwa upole. Mmoja akisema, mwingine asimkatize.

1. Je, kuna uamuzi wa fedha nilioufanya mwaka huu bila wewe? Ulijisikiaje?
2. Krismasi hii watoto wetu wanahitaji nini zaidi: kufika mbali, au kuwa nasi?
3. Mahitaji yetu ya Januari ni yapi, na fedha zake ziko wapi?
4. Ni mahali gani pa karibu ambapo hatujawahi kufika pamoja?
5. Mwaka huu tutawatembelea wazee wa upande gani, na lini?

Mkiisha kujibu, shikaneni mikono msali Baba Yetu. Kama kuna wa kuomba msamaha, na aombe usiku huo huo, asingoje Januari kama nilivyongoja mimi.

Mungu awabariki, na awajalie Noeli yenye amani nyumbani.