Jiko la Safari: Ukilala, Libaki Nje

Likizo ifikapo, familia nyingi za Mombasa hufunga safari hadi ufuo wa Bamburi, na wengine hupiga hema kwenye ploti yenye kivuli. Samaki wa kuchoma hakosi. Msomaji asiyetaka kununua jiko anaweza kutengenezewa na fundi wa jua kali kwa rimu kuukuu ya gurudumu la gari.

Chagua rimu ya chuma, kwani ya alumini huweza kuyeyuka moto ukizidi. Fundi aichomelee miguu mitatu ya nondo, urefu wa sentimita 15 hivi. Ndani tandika wavu wa chuma, makaa yasizibe matundu ya kuingizia hewa. Asiongeze kipande cha bati la kuezekea: bati hilo limepakwa zinki, na moshi wake ukivutwa huleta homa na kutetemeka. Rangi ya zamani ikwanguliwe, kisha jiko liwashwe tupu mahali pa wazi kabla ya kuchomea chakula. Liweke mbali na makuti. Upepo wa Kaskazi haubembelezi cheche.

Wengine huona jiko ni mzigo, wakapanga mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana vitundu vinavyoshika maji, na yakipata moto ghafla huweza kupasuka na kurusha vipande machoni. Wazee wa Pwani waliyachoma kupata chokaa, lakini hawakuyakalia karibu wakigeuza samaki!

Hatari kubwa zaidi haionekani. Mvua ikinyesha usiku, kuna wanaoliingiza jiko hemani wakidhani makaa yasiyo na moshi hayana madhara. Makaa hayo ndiyo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, mwili ukakosa hewa huku mtu akipumua kama kawaida. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha usingizi. Aliyelala tayari huenda asiamke. Kufungua mlango wa hema kidogo hakutoshi. Watu wawili au watatu wakilalamika kuumwa kichwa kwa pamoja, watoeni wote nje na kuwapeleka hospitali, hata wakisema wamepata nafuu.

Asubuhi, usiyafukie makaa mchangani. Mchanga huficha joto kwa saa nyingi, na mtoto apitaye miguu mitupu haoni kitu. Yamwagie maji, yakoroge, umwagie tena hadi uweze kuyashika kwa mkono.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu isitumiwe. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na ute wa yai visipakwe, kwani hushika joto ama kuingiza uchafu, na daktari atalazimika kuviondoa kwanza. Malengelenge yasipasuliwe. Funika kwa kitambaa safi, na mtoto mdogo, au yeyote aliyeungua uso, mikono au nyayo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.