Handikapu ya Gofu: Kwa Nini Mikwaju 11 Inageuka 7

Tangu baadhi yetu tuanze kucheza gofu hapa Scotland, swali ninaloulizwa zaidi si la namna ya kushika fimbo, ni la hesabu. Mtu amepiga mikwaju 103, mwenzake aliyecheza naye kamsainia kadi, halafu jioni akifungua programu ya handikapu kwenye simu anakuta 96. Nani kafuta mikwaju 7? Mmoja anadhani kapendelewa, mwingine anadhani kompyuta imeharibika. Hebu tuichambue taratibu, maana wapo wenzetu walioacha mchezo huu kwa sababu tu hesabu zake ziliwachanganya.

Handikapu ni mikwaju unayopewa bure ili wewe unayejifunza uweze kushindana na mhadhiri aliyecheza miaka 30, na bado mechi ikawa mechi. Wengi wanadhani ni wastani wa michezo yote uliyocheza. Sivyo. Mfumo wa dunia unaotumika sasa, wa R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, ulianza Januari 2020 na hapa Uingereza ukaingia Novemba mwaka huohuo. Unachukua michezo yako 20 ya mwisho, unachagua 8 iliyo bora, na kupiga wastani wa hiyo 8 peke yake. Kwa hiyo handikapu inapima siku zako nzuri, siyo siku zako za kawaida. Ukishindwa kuifikia wiki tatu mfululizo usikate tamaa, ndivyo ilivyopangwa.

Sasa tuje kwenye marekebisho. Kila shimo lina idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari, wenyewe wanaiita pa. Ukizidisha mkwaju mmoja ni bogi, ukizidisha miwili ni dabo bogi. Kwa ajili ya handikapu, mikwaju ya juu kabisa inayohesabiwa kwenye shimo moja inaitwa neti dabo bogi, yaani: pa ya shimo, jumlisha 2, jumlisha mikwaju ya bure unayopewa kwenye shimo hilo. Ukipiga zaidi ya hapo, ziada inakatwa.

Tuchukue mfano. Mchezaji ana indeksi ya handikapu 22.4. Anacheza uwanja wenye pa 72, kipimo cha uwanja 71.2 na slopu 125. (Slopu inaonyesha uwanja unamtesa mchezaji wa kawaida kiasi gani kuliko hodari, 113 ndiyo ya kati.) Kwanza tunatafuta handikapu yake ya uwanja huo: 22.4 mara 125, gawanya kwa 113, tunapata 24.8. Ongeza tofauti ya kipimo cha uwanja na pa, ambayo ni kutoa 0.8, inabaki 24. Basi ana mikwaju 24 ya bure. Mashimo ni 18, kila moja linapata mkwaju mmoja, na 6 iliyobaki inakwenda kwenye mashimo yenye namba ya ugumu 1 hadi 6. Namba hizo zimechapwa kwenye kadi, ila wageni wengi hawaziangalii kabisa.

Siku hiyo kapiga 103. Kwenye shimo la pa 4 lenye ugumu namba 10, mpira uliingia mchangani ukagoma kutoka, akamaliza na mikwaju 11. Kikomo chake hapo ni 4 na 2 na 1, yaani 7. Inakatwa 4. Shimo la pa 3, ugumu namba 17, alitumbukiza mipira majini akaandika 9. Kikomo ni 3 na 2 na 1, yaani 6. Inakatwa 3. Shimo jingine la pa 4, ugumu namba 3, alipiga 8. Hilo halikatwi kitu, maana hapo anapewa mikwaju miwili na kikomo chake ni 8 kamili. Jumla imekatwa 7, na 103 imekuwa 96.

Kisha 96 toa 71.2 ni 24.8. Zidisha kwa 113, gawanya kwa 125, unapata 22.4. Mnaona? Mtu aliyetoka uwanjani ameinamisha kichwa amecheza sawasawa na handikapu yake. Bila kurekebisha angepata 28.7, na mashimo mawili yangefunika kazi nzuri aliyoifanya kwenye yale 16 mengine. (Siku ya upepo mkali mfumo unaweza kulegeza hesabu kidogo kwa wote waliocheza, mfano wetu ni wa siku ya kawaida.)

Angalizo: marekebisho haya ni ya handikapu tu. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju yote, 11 inabaki 11 na zawadi inakwenda kwa mwingine. Msije mkagombana na kamati.

Walioko Marekani huenda wakasikia wazee wa klabu wakitaja utaratibu mwingine. Hadi mwisho wa 2019 kule walitumia jedwali: mwenye handikapu ya uwanja kati ya 20 na 29, kikomo chake kilikuwa 8 kwenye shimo lolote, liwe la pa 3 au pa 5. Ilikuwa rahisi kukumbuka, lakini kwa maoni yangu haikuwa haki. Mikwaju 8 kwenye pa 3 ni balaa, kwenye pa 5 ni siku ya kawaida kwa sisi wa kujifunza.

Kikomo kinazuia pia ujanja. Pasipo hicho, mtu angefika shimo la mwisho, akapiga mipira majini kwa makusudi mpaka mikwaju 14, handikapu yake ikapanda, halafu mwezi ujao akabeba kikombe. Mfumo una breki nyingine vilevile. Handikapu ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya ile ya chini kabisa uliyokuwa nayo ndani ya miezi 12, ziada inahesabiwa nusu, na haiwezi kuzidi 5.0. Mwenye 20.0 ambaye hesabu inampeleka 26.0 atapewa 24.5. Na ukicheza ghafla vizuri kupita kiasi, 7.0 au zaidi chini ya indeksi yako, unakatwa 1.0 ya nyongeza, ukifika 10.0 unakatwa 2.0.

Lakini kwetu ujanja huo siyo tatizo. Tatizo letu ni aibu. Mtu akicheza vibaya anaificha kadi, akicheza vizuri anaiwasilisha mbio. Baada ya miezi michache ana handikapu ya 15 wakati uwezo wake ni 24. Sifa anazo, ila kila mechi anapigwa, kwa sababu mikwaju 9 ya bure kaitupa mwenyewe. Wapinzani wanamshangilia, kwa nini wasimshangilie? Mwishowe anasema gofu ni mchezo wa Wazungu, anauza fimbo.

Kwa anayeanza, mashimo 54 yanatosha kupata handikapu ya kwanza, yaani michezo mitatu ya mashimo 18 au sita ya mashimo 9. Hapo bado huna mikwaju ya bure, kwa hiyo kikomo ni pa na 5 kwa kila shimo. Unachukuliwa mchezo bora kati ya hiyo mitatu na kupunguziwa 2.0. Kiwango cha juu ni 54.0, yaani mikwaju kama mitatu kwa kila shimo. Wasilisheni kadi siku ileile mliyocheza, hata ile yenye mashimo ya mikwaju 11. Mwenye kadi ya zamani asiyeielewa anione Jumamosi, aje na kalamu.