KUPIMA MWANGA WA TOCHI NYUMBANI

Somo langu la mwaka huu lilianzia nyumbani kwetu Malili, likizo ya Agosti, na lilianza kwa machozi.

Susu (ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya) husuka vyondo. Mchana yuko shambani, kwa hivyo kazi hiyo huifanya usiku kwa tochi. Juni mnunuzi alimrudishia vyondo viwili. Mahali palipotakiwa uzi mwekundu palikuwa na wa kahawia, tena mistari mizima. Susu akasema, "Mjukuu wangu, macho yamekwisha. Nitaacha." Na sehemu ya karo yangu hutoka katika vyondo hivyo! Nikajiuliza, ni macho kweli au ni tochi?

Nyumbani tulikuwa na tochi mbili. Moja ni ya LED, mpya, nyeupe pe, na ndiyo Susu aliyokuwa akitumia. Ya pili ni ya marehemu babu, ya balbu yenye waya ndani, mwanga wake wa manjano. Nilianza na nguvu ya mwanga.

Chukua karatasi nyeupe, udondoshee tone moja la mafuta ya kupikia katikati, upanguse. Ukiiangaza kutoka nyuma, doa hung'aa kuliko karatasi. Ukiiangaza kutoka mbele, doa huwa jeusijeusi. Mwanga ukilingana pande zote mbili, doa hupotea. Ujanja huu ni wa Robert Bunsen, Mjerumani yuleyule mwenye jina la kichomeo cha maabara yetu.

Nilifungua mlango wa kati, vyumba viwili vikawa kama ukumbi mmoja. Nikazima taa zote na kusimamisha karatasi. Upande mmoja niliweka mshumaa, sentimita 20 kamili. Upande wa pili ndugu yangu mdogo alishika tochi ya LED akirudi nyuma polepole hadi doa likapotea. Tukapima kwa futi ya fundi: sentimita 400.

Hapa ndipo wengi huteleza. Tochi ilikuwa mbali mara 20 kuliko mshumaa, lakini nguvu yake si mara 20. Mwanga ukienda mbali mara mbili hutandaa juu ya eneo kubwa mara nne. Mara tatu, eneo mara tisa. Kwa hivyo ni 20 kwa 20, yaani mishumaa 400. Tochi ya babu ilikomea sentimita 200, mara 10, yaani mishumaa 100. Mshumaa wa kawaida hutoa takriban kandela moja, basi jibu letu tayari liko katika kandela, kama vile vitabu vinavyotaka. Nilihakikisha kwa simu ya mama yenye programu ya kupima mwanga. Katika mita moja, namba ya laksi inapaswa kuwa sawa na ya kandela. Simu ilisema 370. Si mbaya kwa tone la mafuta!

Lakini katoni ya tochi hiyo iliandikwa lumeni 1000. Kandela hupima ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Lumeni ni mwanga wote unaotoka. Katika mita moja tochi yetu ilichora ukutani duara la upana wa sentimita 60. Eneo lake ni kama mita za mraba 0.28. Zidisha kwa 400, upate kama 112, na hapo nimejifanya sikuona kwamba kingoni mwanga hufifia. Hata ukiongeza unaomwagika pembeni, hiyo 1000 iko mbali kama Mombasa.

Jambo moja lilinisumbua. Doa halikupotea kabisa. Upande mmoja wa karatasi ulikuwa wa manjano kwa sababu ya mshumaa, wa pili ulielekea buluu. Ilinibidi nifumbe macho nusu ndipo nikadirie. Hapo nikafahamu kwamba mwanga una nguvu na una rangi, na mimi nilikuwa nimepima kimoja tu.

Basi nikatoboa mwanya mwembamba kwa wembe kwenye boksi la viatu, nikaweka CD kuukuu ndani ikiwa imeinama, nikachungulia kwa tundu la juu. (Elekeza mwanya kwenye karatasi iliyomulikwa na tochi, usiutazame mwanga wenyewe, na jua usilielekee kabisa.) Tochi ya babu ilitoa upinde wa mvua usiokatika, mwekundu ukiwa mpana na buluu ikiwa hafifu. Ile ya LED ilikuwa na buluu kali, kisha pengo lenye giza kabla ya kijani, na mwekundu ulififia haraka. Sababu ni kwamba LED nyeupe kwa kawaida ni LED ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano. Waliovumbua LED ya buluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2014. Unga ukiwa wa bei rahisi, mwekundu hupungua, na uzi mwekundu hauwezi kurudisha mwanga ambao haukupewa.

Sasa jaribio lenyewe. Nilikata vipande 12 vya nyuzi za katani vya rangi mbalimbali, nikavipa namba kwa nyuma. Juani Susu alivitaja vyote sawasawa. Kwa LED alikosea vitatu, vyote vyekundu na kahawia. Kwa tochi ya babu alikosea kimoja, buluu iliyokoza aliita nyeusi. Kisha nikamwomba anipime mimi, mwenye macho ya miaka 16. Kwa LED nilikosea vitatu, na viwili ni vilevile vyake!

Susu alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe mgonjwa ni tochi!"

Nilidhani atahamia tochi ya babu, lakini hula betri kama mchwa. Siku hizi hupanga nyuzi mchana, anafunga fundo moja kwenye nyekundu na mafundo mawili kwenye kahawia, kisha usiku husuka kwa LED akipapasa mafundo. Ule mshumaa niliouunguza bado ananidai.